Kistari Nilichokipigania

Homa Bay,
Jumapili, 1999

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu hizi kwa mikono miwili, na naomba dada Mwanaidi anayekusomea asome polepole, asiruke mistari kama afanyavyo akiwa na haraka ya kurudi barazani kwa wenzake. Macho yanaendeleaje? Ile dawa ya matone unaitia kila siku, au unaitia siku ukiikumbuka? Goti je? Na paa la upande wa jikoni, fundi amekuja, au bado anaapa kwamba kesho haipiti kabla hajaja? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, naswali. Msikiti wetu hapa ni mdogo lakini una watu wake. Samaki wa ziwani nimewazoea, ijapokuwa hakuna anayewatia nazi, na nikiulizia nazi sokoni wananitazama kama mtu aliyeulizia theluji.

Huko mwaniita Bakari. Huku jina hilo halijulikani kabisa. Tangu wiki ya kwanza mimi ni Jamombasa, yaani mtu wa Mombasa. Muuza magazeti aniita hivyo, mwenye nyumba aniita hivyo, hata barua yako iliyopita ililetwa na mtu aliyesimama nje akiita, "Jamombasa, barua yako." Mwanzo nilinuna kidogo, kisha nikalipenda. Mtu akiitwa kwa mji wake hujiona amekuja na mji mzima mfukoni.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Mama, nimekasirika. Marehemu Baba alikuwa akisema hasira zangu ni moto wa makuti, huwaka kwa kelele na kuzima kabla chai haijachemka. Safari hii alikosea, Mungu amrehemu. Miezi mitatu nimewaka, na juma hili ndipo nimejua moto huo umemuunguza nani.

Niliwahi kukuandikia kwamba mradi ulioniajiri una vyumba viwili vya kufundishia kompyuta, kimoja hapa Homa Bay na kimoja Migori. Mkubwa wetu, wamkumbuka, ni yule Bwana Omollo, anakaa Migori. Ni Msabato wa kweli, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Kompyuta zetu ni za msaada, kuukuu, ziliwahi kuchoka kwa watu wengine kabla ya kuja kuchoka kwetu. Na kompyuta, Mama, bila mfumo wa kuiendesha ni sanduku tu. Mifumo inayotangazwa mjini inauzwa ghali. Huu tunaoutumia sisi ni wa bure, umo wote ndani ya sahani moja ya CD iliyokuja imebandikwa kwenye gazeti la mafundi. Usidhani ni wa bure kwa kuwa ni mbovu. Ni wa bure kwa sababu waliouandika walitaka kila mtu aweze kuutumia, kuufungua aone ndani mlivyo, kuutengeneza apendavyo na kumgawia jirani.

Hao waliouandika ndio wenye kesi. Kulikuwa na watu Marekani, katika miaka ya themanini, waliosema watatengeneza mfumo mzima ulio huru. Wakaupa jina GNU hata kabla haujakamilika. Wakatengeneza chombo baada ya chombo: cha kuandikia, cha kunakilia, cha kugeuza maandishi ya fundi yawe kitu mashine inachokielewa. Miaka ikapita. Kikabaki kipande kimoja, kile cha katikati kinachozungumza na mashine yenyewe, mafundi tunakiita kiini. Walipokuwa bado wanahangaika nacho, mwanafunzi mmoja wa Ulaya akaandika kiini chake, akakitoa bure, nacho kikaitwa Linux. Watu wakakichukua, wakakiunganisha na vyombo vya wale wa kwanza, mfumo ukasimama. Na siku uliposimama, dunia nzima ikauita Linux. Basi. Wale wa kwanza hawatajwi tena.

Wakisema, jamani, angalau semeni GNU/Linux, majina mawili na kistari cha mshazari katikati, wanaambiwa wana wivu. Wanaambiwa jina ni refu, halitamkiki. Wanaambiwa nyumba ni ya aliyeezeka, si ya waliosimamisha nguzo. Haya nayasoma katika barua za kompyuta zinazonifikia mara moja kwa juma, simu ikikubali, nami hukaa pale nikisonya peke yangu mpaka wanafunzi wanaulizana mwalimu amepatwa na nini.

Najua wewe utanielewa kuliko wao, kwa sababu ya ile kofia. Ile ya viua, uliyoishona kitundu kwa kitundu miezi minne mimi nikiwa na umri wa miaka tisa, ambayo yule tajiri wa duka la kofia aliichukua akaifua, akaitia wanga, akaipiga pasi na kugonga mhuri wake ndani. Siku ya maulidi watu wakasema, angalia kofia ya tajiri fulani ilivyo nzuri. Sikatai kwamba bila wanga kofia haisimami. Lakini viua vile vilikuwa macho yako, Mama, na macho hayo ndiyo leo yanatiwa matone. Wewe ulisema tu kwamba Mungu anajua. Mimi nilitaka kwenda kumvunjia tajiri kioo cha duka. Nadhani tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kioo cha kuvunja.

Nikakipata Migori. Bwana Omollo alichora kibao kikubwa mlangoni, JIFUNZE LINUX, kwa rangi nyekundu. Nikamwambia jina si kamili. Akasema limetosha, watu wanalisoma wakipita, na rangi ni ghali. Nikamweleza habari yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, akanisikiliza akila karanga, kisha akasema hana neno na hao watu wa kwanza, ila hajawahi kukutana na mwajiri Migori aliyeuliza habari zao. Nikarudi Homa Bay. Kesho yake nikafundisha somo zima la jina, saa mbili, badala ya somo la kupanga mafaili. Wanafunzi ni kumi na wanne. Wengine walisinzia. Mmoja alitaka kujua kama jambo hilo litakuwa kwenye mtihani.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa mpika chai wetu. Sijakueleza habari zake, nami nimefanya vibaya kuchelewa. Ni mwanamke wa makamo, Mkuria, ameolewa hapa na fundi wa baiskeli aitwaye Otieno. Watu wote wanamwita Nyar Kegonga, nami nikamwita hivyo. Alianza kwa kupangusa vumbi mezani. Siku moja mashine ya tatu ikakataa kuwaka, nami nikaihesabu miongoni mwa marehemu, lakini yeye akaenda kwa mumewe akarudi na pampu ya baiskeli, akaomba nifungue lile sanduku, akapuliza vumbi la miaka. Ikawaka. Tangu hapo kila Jumatatu hupuliza mashine zote, na hakuna iliyokufa tena. Kisha akaanza kukaa nyuma ya darasa na birika lake. Kisha akawa hakai tena na birika. Katika miezi sita alikuwa anapiga chapa haraka kuliko mimi.

Kile kijitabu cha masomo nilichokutumia, ambacho uliniandikia kwamba umekionyesha mtaa mzima, yeye ndiye aliyekipiga chapa chote kutoka kwenye mwandiko wangu, na wajua mwandiko wangu. Tena hakupiga tu. Alikuwa akinisimamisha na kuniambia hapa mtu wa Migori hataelewa, hapa umesema kama watu wa pwani, na sura tatu aliziandika upya kwa maneno yake, mimi nikasoma nikaona ni bora kuliko yangu. Nikamshukuru sana. Nakumbuka nilimshukuru mbele ya darasa.

Basi siku ile ya somo la jina, alinyoosha mkono akauliza, "Hao watu wa kwanza, kuna mtu aliwauliza wao wanataka kuitwa nani?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nikawaambia wanafunzi, mmesikia, huyu amefika kwenye mzizi wa jambo. Watu hao wamesema, tena wamesema wazi, na dunia haikuwauliza wala haikuwasikiliza. Nikawafanya wampigie makofi. Yeye akatabasamu kidogo, akatoka kwenda kuosha vikombe.

Masomo yakaisha, mtihani ukafanywa, wote wakapita. Sasa ikabaki vyeti. Bwana Omollo akaniletea mfano, umeandikwa Linux peke yake, nami nikakataa kutia sahihi. Akanipigia simu. Nikakataa. Akaja mwenyewe, akaketi, akaniambia neno moja tu. "Jamombasa, hawa watu wanatafuta kazi. Wewe unatafuta jina."

Niliona amenitukana. Nikamjibu kwamba cheti chenye uongo si cheti, na mtu asiyejali jina la kitu hawezi kukabidhiwa kitu chenyewe. Maneno matamu hayo, Mama, niliyarudia njia nzima nikienda nyumbani. Majuma matatu vyeti vilikaa bila sahihi. Mwanafunzi mmoja alichoka akaenda zake Osiri kuchimba dhahabu, akasema atarudi kuchukua karatasi walimu wakimaliza vita. Nyar Kegonga alikuwa ameomba kazi ya karani wa kumbukumbu katika hospitali moja Migori, na mwisho wa kupokea karatasi ulikuwa Jumatatu saa sita mchana. Alinijia mara mbili. Hakunisukuma, aliuliza tu kwa upole cheti kitakuwa tayari lini. Nami nilimwambia, na leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze, kwamba avumilie, tunapigania haki ya watu waliosahauliwa.

Alhamisi Bwana Omollo akasalimu amri. Alisema kwenye simu niandike nipendavyo, GNU, mbuzi, ng'ombe, lolote, ila nimpelekee orodha ya majina ayalinganishe na vitambulisho kabla vyeti havijatoka. Mama, akili yangu ilikuwa imeshapinda. Nikaona ni hila. Nikasema moyoni, huyu anataka vyeti vipite mikononi mwake ili akate GNU yangu. Sikumpelekea orodha. Ijumaa nikaswali upesi, nikarudi, nikaandika vyeti vyote mwenyewe, majina nikayatoa kwenye daftari langu la mahudhurio. Nilikagua kile kistari kwenye kila cheti, cha kwanza mpaka cha kumi na nne, kisije kikalala au kikatazama upande usio wake. Kisha nikavitia kila kimoja ndani ya bahasha, nikafunga kwa gundi, nikagonga mhuri juu ya gundi, nikawaonya wenyewe wasifungue, wampe mwajiri hivyo hivyo.

Bwana Omollo alifika kituoni jioni ile kwa shughuli nyingine. Aliniomba aone majina. Nikamwambia bahasha zimekwisha fungwa. Akatazama nje, jua lilikuwa linaelekea kuzama na Sabato yake inaingia, naye hana kazi aifanyayo baada ya hapo hata nyumba ikiungua. Akatikisa kichwa, akaondoka. Nilimwona akienda nikajihisi mshindi. Nakwambia kweli yote, usinifichie aibu kwa watu.

Jumatatu Nyar Kegonga aliamka na mapema akaenda Migori, amevaa viatu vya kanisani. Haya yaliyotokea huko alinieleza mwenyewe, wala hakuongeza chumvi. Karani wa hospitali alivunja ule mhuri wangu mbele yake, akasoma, akamwomba kitambulisho. Akatazama kimoja, akatazama kingine, akamwita mwenzake aje aone. Cheti kilisema Nyarkegonga Otieno. Kitambulisho kilisema Esther Boke Chacha. Karani akacheka, akamwuliza kama huko kwao watoto wanabatizwa jina la soko. Kisha akaacha kucheka akasema hawezi kupokea cheti cha mtu mwingine. Ilikuwa inakaribia saa tano. Kwenda Homa Bay na kurudi kabla ya saa sita hakuwezekani, hata kwa mtu mwenye mabawa.

Jumanne alikuja kazini kama kawaida. Alichemsha chai, akamimina, akawapa watu wote. Kisha akaja kwenye meza yangu, akaweka cheti na kitambulisho juu ya kibodi, kimoja kando ya kingine, na kungoja nisome. Nilisoma mara mbili. Nikamwuliza kwa sauti ya kijinga kabisa, kwani Nyarkegonga si jina lako?

"Nyar ni binti, Mwalimu. Wanasema binti wa Kegonga, soko ya kwetu. Hapa kwa Wajaluo mwanamke akiolewa, watu ya boma wanamwita kwa kwao, ni heshima, ndio hata akizeeka kwa watu wasisahau alitoka wapi. Lakini si jina. Jina yangu ni Boke."

Mimi, Jamombasa, niliyependa kuitwa kwa mji wangu. Nilikuwa nimeelezwa Ja maana yake nini siku ya kwanza, kwa sababu ilinihusu. Nyar sikuwahi kuiuliza, kwa sababu haikunihusu. Nilimwandika daftarini alipoanza kukaa darasani, kwa jina nililolisikia likiitwa jikoni, nikamtia la mumewe nyuma yake, nikapita. Mtu wa hapa hangefanya kosa hilo hata akiwa usingizini.

Na lililonichoma zaidi ni kwamba watu hawa tayari walikuwa wanafanya kile nilichokuwa nikikipigia kelele. Mtu akiingia nyumba mpya hawamfuti kwao, wanampa kwao mbele, tena bila mkutano wala kibao. Nilikuwa nakunywa chai ya ushahidi wangu kila siku saa nne, sikuutambua.

Nilianza kuomba radhi kwa maneno mengi. Akayakata.

"Umepigania jina ya kompyuta miezi tatu, Mwalimu. Yangu hukuuliza hata siku moja."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya, hasira naijua. Alikusanya vikombe akaondoka.

Usiku sikutaka kula. Jumatano nikaandika cheti kipya, nikakipeleka kwa Boke akikague kabla sijatia sahihi, kisha nikaenda nacho Migori mimi mwenyewe. Nafasi ilikuwa imekwisha pata mtu. Nikamkasirikia yule karani, Mama, nikapandisha sauti hadi wagonjwa wakageuka, nikamwuliza ni adabu gani kumcheka mama wa watu kwa makosa yasiyo yake. Alinisubiri nimalize. Akasema yeye alisoma kilichoandikwa, na aliyeandika ni nani? Ilikuwa sahihi yangu pale chini, kubwa, yenye mkia.

Nikavuka barabara nikaenda kwa Bwana Omollo. Kile kibao chekundu bado kipo mlangoni, na nilipita chini yake bila kukitazama. Nikamweleza. Nilitaka anifokee, ningepata nafuu. Yeye alinisogezea kiti na kunipa maji, akasema, "Mimi nilitaka majina tu, Jamombasa. Hiyo kistari yako nilikuwa nimekuachia."

Huyo ndiye mtu niliyekuwa nikimsengenya kwako barua tatu mfululizo. Naomba Mwanaidi azirudie kuzisoma akiruka kila nilipomtaja.

Tulikaa mpaka saa tisa. Amesema atawaandikia wenye mradi Boke awe mwalimu wa wanaoanza, asubuhi, hapa hapa Homa Bay, asilazimike kuishi mbali na Otieno na nyumba yake. Hajui kama watakubali. Watu wa mbali wanataka vyeti, na cheti cha Boke kina historia. Nilipompa Boke habari hiyo alisema atafikiri. Kule hospitalini angeandikiwa barua ya kazi ya kudumu na angeitwa karani. Hapa, wakikubali, ataitwa mwalimu wa muda, na huenda chai bado akapika yeye. Nikasema nitapika mimi. Akaniangalia kama mtu anayejua chai yangu.

Usifikiri nimeacha msimamo wangu. Bado nasema GNU/Linux, na anayesema Linux tu mbele yangu bado nitamweleza, maana haki ya waliotangulia haikugeuka kuwa batili kwa sababu mtetezi wake ni mpumbavu. Bado namkasirikia tajiri wa kofia. Lakini nikianza kuhubiri sasa, sauti yangu hainipendezi kama zamani. Hasira nyingine nimeigeuza ndani, na huko haina pa kutokea. Kila asubuhi naingia darasani naita majina, na safari hii kila mtu ameandika lake kwa mkono wake.

Nisalimie dada Mwanaidi, ingawa ndiye anayesoma, ajisalimie mwenyewe mbele ya kioo. Msalimie mjomba Athman, mwambie nimepata redio ya betri kama yake na ya kwangu haikoromi. Shangazi Zainabu, aliyenifungia sanduku kwa kamba nikiondoka, mwambie kamba bado ninayo. Na bibi wa nyumba ya tatu, yule anayekuuzia nyuzi, mpe salamu zangu kwa jina lake. Kama hujui jina lake, na nadhani sote twamwita Mama Nyuzi tangu mimi sijazaliwa, tafadhali muulize.

Limebaki moja, nalo ndilo nililoandikia barua hii yote. Kile kijitabu ulichokiweka kabatini juu ya nguo za sikukuu kina jina langu peke yake. Nakala za huku nazirekebisha moja moja kwa kalamu, na Boke ameniona nikifanya hivyo, akakisogeza kikombe changu apate kupangusa meza. Hiyo yako siifikii. Itoe, Mama, keti penye mwanga. Usimwachie Mwanaidi. Andika kwa mkono wako, hata kwa herufi za Kiarabu ulizozizoea, kando ya jina langu na kwa ukubwa uleule: Esther Boke Chacha. Kisha uwaonyeshe tena wale wote uliowaonyesha mwanzo.

Nimemwuliza mwenyewe linavyoandikwa.

Mwanao,
Bakari